Siku Ndege Ilipozunguka Juu ya Bøur

Ukungu wa kiangazi kule Bøur, kijiji cha visiwa vya Faroe, hauna haya. Watu wamesubiri miezi yote ya baridi, mapazia yamefuliwa, wageni wako njiani, nao unakuja kujikalia kijijini kama mkwe asiyejua kuaga.

Asubuhi moja Marjun alimpigia baba yake, mzee Hálvdan, simu kutoka Copenhagen.

"Baba, wanasema huenda ndege isitue. Wameturuhusu tuhamie ya Ijumaa. Tuhamie, au tuje leo? Tindhólmur kinaonekana?"

Pale Bøur ndivyo watu wanavyoulizana. Kisiwa cha Tindhólmur kiko mbele ya madirisha yote: kikionekana, ndege itatua, kisipoonekana, kaa kwako. Hálvdan alisogea dirishani akaona weupe. Lakini weupe huo alikuwa akiuona kila siku tangu mwaka jana, hata jua likiwaka, na daktari alishamwambia kwamba Krismasi haitamkuta na macho. Hakumwambia mtu. Marjun angejua, angemng'oa nyumbani kwake siku hiyo hiyo. Alichotaka ni kimoja tu: amwone Bárður, mjukuu wake wa kwanza, wakati bado anaweza kuona uso ulioletwa karibu.

"Kinaonekana mpaka ncha zake," alisema. "Njooni leo leo."

Akabandika nyama ya kondoo jikoni. Sanna, jirani yake, akaingia bila kubisha hodi.

"He! Sherehe ya nani, mzee?"

"Marjun anakuja na mtoto."

"Leo? Hálvdan wewe, umeshalewa asubuhi yote hii? Mimi hata ua wangu siuoni!"

Hálvdan alipapasa mezani akitafuta mfuniko wa sufuria. Sanna alimtazama vizuri, utani ukamwishia mdomoni, akaenda zake polepole.

Mchana ndege ilisikika. Mzee alitoka nje mbio, bila kofia. Ilinguruma juu ya paa, ikazunguka, ikarudi tena, kondoo wakatimka. Binti yake na mjukuu wake walikuwa pale pale, juu ya kichwa chake! Kisha mlio ukaelekea mashariki, ukafifia, ukaisha. Alisimama uani peke yake akilia, wala hakujisumbua kufuta machozi.

Jioni Marjun alipiga simu kutoka Bergen, kule Norway, ndege ilikokwenda kutua. Ndege ya Ijumaa ilikuwa imejaa, na likizo yake ilikuwa inaisha Jumapili. Kesho wangerudi Copenhagen.

"Lakini baba, si ulisema kinaonekana?"

"Kilionekana, mwanangu. Ukungu ulishuka baadaye. Si unaujua ujeuri wake?"

"Basi, tutakuja mwakani. Washa video angalau umwone Bárður."

Hálvdan aliisogeza simu mpaka ikamgusa pua. Humo ndani mlikuwa na mwanga unaotikisika, na mtoto anacheka.

"Umemwona, baba?"

"Nimemwona."

"Kafanana na nani?"

Mzee aliipangusa skrini kwa kiganja.

"Marehemu mama yako mtupu," alisema, na kule Bergen Marjun akaangua kilio cha furaha.