Nukta Nne za Oyugi

Siku Oyugi aliporudi nyumbani Chepilat kutoka jela, baba yake aliona jambo moja tu: nukta nne nyeusi zilizochorwa juu ya kifundo cha mguu wa kulia. Eliakim alikuwa mzee wa kanisa, na hakuuliza. Watu hawakungoja aulize. Kwenye kituo cha kununulia majani chai walikwisha kumtafsiria: tatuu ya jela haichorwi bure, kila nukta ni roho ya mtu. Mahakama ilikuwa imemfunga miaka saba kwa wizi wa pikipiki, lakini mahakama ingejua nini mbele ya wachuma chai?

Mwezi uliofuata ikafika Sabato ya kuoshana miguu. Kabla ya Meza ya Bwana wanaume hukaa upande wao, wawili wawili, kila mmoja akipiga magoti kumwosha mwenzake. Oyugi alivua viatu, akakunja suruali, akaketi. Wale ndugu wapendwa, wanaoimba upendo hadi mishipa ya shingo inawasimama, wakapata wenzi upesi ajabu. Akabaki yeye na beseni lake, akamtazama baba yake.

Eliakim alimwona vizuri, na taulo alikuwa nalo begani. Akampita, akaenda kumpigia magoti Nyagaka, karani wa kiwanda, ambaye miguu yake ilikuwa safi tayari.

Jioni Oyugi alifunga begi. "Baba, nimeenda," alisema mlangoni.

"Sawa," Eliakim akajibu, macho kwenye Biblia. Tangu hapo simu ya kijana haipatikani.

Wiki tatu baadaye akaja Johana, kijana wa Ndanai aliyekaa seli moja na Oyugi, akimtafuta rafiki yake. Eliakim alimmiminia chai, akasogeza kiti chake karibu.

"Niambie ukweli. Wale watu wanne, aliwaua wapi?"

"Watu gani, mzee?"

"Zile nukta za mguuni."

Johana akaweka kikombe chini. "Hiyo si watu, mzee. Pale ndani, mtu wa kwenu akikuja kukuona, unachomwa nukta moja na sindano, na masizi ya slipas zilizochomwa. Hiyo yake yote ni wewe."

Akakunja suruali yake. Nukta zilizunguka kifundo chote, zikapanda safu kwa safu hadi katikati ya muundi. "Mathe alikuwa anakuja kila mwezi," alisema.

Eliakim alizikumbuka safari zake zote nne. Zote zilikuwa za mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili walimchagua mzee wa kanisa, akaona haya kuonekana langoni mwa jela, na safari yenyewe ilikuwa ya asubuhi moja tu. Uchungu ukamzidi, akalia waziwazi mbele ya mgeni.

 Johana akateremsha suruali yake taratibu, akazifunika nukta za mama yake.