Sambaza na Mambo Mengine

Mwanaume niliyetaka kuolewa naye alikuwa amenifutisha nusu ya blogu yangu, na bado nilimtaka. Niiteni mnavyotaka.

Blogu niliianza mwaka 2011 kwenye saiba ya Kamembe, mji wa Rwanda unaotazamana na Bukavu ya Kongo, chumba chenye kompyuta saba, nzima zikiwa nne. Mimi ni muuza sambaza sokoni, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Wavuvi wa kisiwa cha Nkombo wananiletea asubuhi, nazianika, nazikaanga, nazisifu mpaka sauti inakauka. Nikajiuliza, kwa nini nisizisifu kwa dunia nzima? Nikaipa jina "Sambaza na Mambo Mengine". Nikapata wasomaji thelathini na wanane, wengi wao watoto wa Bukavu na Cyangugu waliotapakaa Brussels, Nairobi na Ottawa, ambao wakiona picha ya samaki wadogo kwenye sahani ya plastiki wanalia machozi.

Shida ilikuwa hayo mambo mengine. Nilikuwa naanza vizuri na namna ya kuanika sambaza, mistari miwili hivi, mara nimeshafika kwenye meno ya bandia ya shangazi, kwenye mvua ya mawe ya Mururu, kwenye mbuzi aliyekula Biblia ya mchungaji kuanzia Mwanzo mpaka Waamuzi. Parfait, fundi wa saiba, kijana wa Bukavu aliyevuka daraja la mpakani kila asubuhi kuja kazini, alikuwa anasoma amesimama nyuma yangu, mikono kifuani.

"Joséphine, blog iko sawa na boutique. Muntu akikuja kununua sabuni, usimuonyeshe godoro. Somo moja tu. Ile mbuzi, futa."

"Lakini ile mbuzi inachekesha!"

"Inachekesha, ndiyo. Futa."

Nilifuta mbuzi. Nilifuta meno, nikafuta mvua, na hata jina la blogu nikalikata, likabaki "Sambaza" kavu. Nilimkasirikia Parfait hadi nikaapa sitakanyaga tena pale, kisha mchana nikampelekea sambaza za kukaanga ndani ya karatasi. Alisema asante, atazila baadaye. Kila mchana alisema hivyo, na mimi kila mchana nikarudi sokoni nikiimba.

Kufuta kulikoniuma kweli ni kule kwa mlango. Sisi tulizaliwa Bukavu, watoto wa wakimbizi wa zamani kutoka Rwanda. Mwaka wa tisini na sita, vita vilipofika pale, aliyenivusha kuja huku ni Mzee Hategekimana, kaka mkubwa wa marehemu baba yangu, seremala, ndiye aliyenilea. Wenzake walibeba magodoro na masufuria. Yeye aling'oa mlango wa nyumba yake, mlango wa mbao ya mti wa libuyu alioutengeneza mwenyewe, akaufunga kamba, kamba akaipitisha kwenye paji la uso, akaubeba mgongoni. Ndio mlango wa nyumba yetu ya hapa Gihundwe, Kamembe, hadi leo, na kila mgeni anaambiwa jinsi ulivyokuwa mzito, mpaka njia ya saa moja ikawa ya nusu siku.

Niliandika hivi: "Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Mlango ulinizibia njia yote. Sikuona askari, sikuona daraja. Niliona visigino vya baba mkubwa tu. Mpaka leo nikiogopa natafuta visigino vyake." Kisha nikaeleza namna ya kuchagua sambaza mbichi.

Parfait alisoma, akarudi juu akasoma tena, akakohoa.

"Iko inje ya somo," akasema.

Nikafuta huku nalia. Wiki mbili baadaye akaniomba tuoane, kwa sentensi moja, bila shaka, na mimi nikamjibu ndiyo kabla hajafika kwenye nukta.

Siku ya kwenda kuniomba kwa wazee ikawekwa Jumamosi ya mwisho ya Novemba 2012, mchana, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Jumanne ya wiki hiyo hiyo Goma ikaanguka mikononi mwa waasi. Sokoni kila mtu alisema daraja litafungwa, mwingine kesho, mwingine keshokutwa. Nikajua kama siyo Jumamosi hiyo, basi Mungu ndiye anajua lini.

Sasa nieleze desturi yetu, na msiniambie nimetoka nje ya somo. Siku ya kuomba msichana, wageni hawasemi walichokuja kutafuta. Kila upande una msemaji wake. Wanaulizana habari za mvua, wanasifu ng'ombe, wanakumbushana ukoo, wanataniana. Wenyeji wanajifanya hawajui kitu, na wageni wakithubutu kumtaja msichana wanaambiwa ameolewa zamani au amekuwa mtawa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na siku hiyo wanaume huinama kwa maneno saa mbili nzima. Msichana mwenyewe haonekani mpaka aitwe. Anayeenda moja kwa moja anaonekana hana adabu, kama mtu anayeingia jikoni na kufunua sufuria.

Msemaji wa upande wetu alikuwa baba mkubwa, anayependa maneno kuliko nyama. Msemaji wa upande wa Parfait alikuwa mjomba wake, Mzee Birindwa, ambaye Kadutu nzima, kule Bukavu, inajua anaweza kusifu ng'ombe ambaye hajamwona mpaka mkamuonea wivu mwenye ng'ombe.

Saa nane mchana Mzee Birindwa alikuwa amekwama kwenye foleni ng'ambo ya daraja. Saa tisa bado. Sebuleni alikaa Parfait ndani ya koti la kuazima, shangazi yake Maman Nabintu, na marafiki wawili waliokuja kwa ajili ya Fanta. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni na sahani ya sambaza mkononi, mapambo kichwani.

"Karibuni," baba mkubwa akaanza, mikono kwenye fimbo. "Kwenu mvua ilinyesha?"

Wageni wakatazama kiti cha mjomba, kitupu. Maman Nabintu akamgusa Parfait kwa kiwiko. Parfait akasimama.

"Mzee, somo ni moja. Joséphine. Minamupenda, minataka kumuoa. Aksanti." Akakaa.

Shangazi yangu akatoa meno yake akayarudisha.

"Nimeuliza mvua," akasema baba mkubwa.

"Mvua iko inje ya somo, Mzee."

Niliuma taulo la jikoni. Sijui kama ni kicheko au kilio, vyote vilikuja pamoja.

"Ule Joséphine munasema," baba mkubwa akaendelea taratibu, "aliisha kuenda kwa masista. Eko mutawa. Tangu mwaka jana."

Parfait akabadilika rangi. "Mutawa? Jana tulikunywa naye chai!"

Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Lakini baba mkubwa hakucheka. Aliweka fimbo kando, na mimi nikamjua: mtu asiyejua kuzunguka kwa maneno anamtilia mashaka, anasema atamzungusha mke wake kwa fimbo.

"Vijana," akasema, "mutarudia siku moja muko na muntu wa kusema."

Siku gani? Na daraja? Nikachukua simu, nikamwandikia Parfait: TOKA NJE YA SOMO!!! Koti la kuazima likalia. Parfait akasoma, akainua macho kuangalia pazia, akayashusha. Kisha akachukua farde ya bluu, jalada la karatasi, iliyokuwa chini ya kiti chake. Nilidhani ni zawadi. Ilikuwa zawadi kweli, ila si kama nilivyodhani.

"Mzee, mvua," akasema, akifungua. "Mwaka jana, Mururu, kulinyesha mvua ya mawe. Mama mumoja akavaa sufuria kichwani, akasahau kama ndani muko maharagi."

Ilikuwa mvua yangu! Maneno yangu, neno kwa neno. Mzee mmoja akaguna kwa furaha. Parfait akageuza karatasi, akaleta mbuzi, Biblia, mchungaji anayemfukuza mbuzi akiomba Kitabu cha Ruthu kisiguswe. Sebule ikapasuka. Akasoma meno ya shangazi mbele ya shangazi mwenyewe, na shangazi akapiga makofi na kudai arudie. Karatasi zilikuwa nyingi, kila nilichofuta kilikuwa mle, na juu ya ile ya kwanza, kwa herufi kubwa, jina la zamani la blogu, lile nililolikata: Sambaza na Mambo Mengine.

Nilitaka kupiga kelele. Kwa furaha, na pia nimpige.

Kisha akafika kwenye mlango. Alisimama, akaugeukia mlango wenyewe, akauinamia kidogo kama mtu anayesalimia mkwe, ndipo akasoma. Alipofika kwenye visigino alishusha karatasi, akamaliza bila kuitazama. Baba mkubwa alikuwa anatazama miguu yake mwenyewe ndani ya viatu vya Jumapili. Hakuwa na simu ya intaneti. Hakuwahi kujua kwamba niliandika.

"Nani aliandika ile?" akauliza.

"Ule mutawa, Mzee," akajibu Parfait.

Kicheko kikarudi, na baba mkubwa akacheka naye safari hii, akijifuta macho.

"Na hizi karatasi ulitoa wapi?"

"Ni mimi nilimuambia afute, Mzee. Kabla afute, mi naweka." Akakuna kichwa. "Watu ya blog wanatafuta sambaza. Lakini miye sikulake sambaza, inaniumiza tumbo. Miye nilikuwa nasoma ile mambo ingine."

Kila mchana, mwaka mzima! Ndani ya karatasi! Nikasahau desturi, nikasahau kwamba sijaitwa, nikatoka nyuma ya pazia na sahani yangu mkononi.

"Aliyekula sambaza zangu ni nani?"

"Sentinelle, mulinzi wa saiba," akasema Parfait, akitabasamu mpaka masikioni.

"Angalia," baba mkubwa akawaambia wageni. "Mutawa ametoroka." Akanishika mkono, akaniketisha kando yake, na mambo yakawa yamekwisha.

Ila hayakuwa yamekwisha. Saa kumi na nusu Mzee Birindwa aliingia, suti imejaa vumbi, anahema, na akakataa katakata kupoteza hotuba aliyoiandaa mwezi mzima. Kwa hiyo wote tukarudi mwanzo. Baba mkubwa akauliza mvua. Akasema Joséphine ni mtawa, na mimi nimekaa pale pale ninakunywa Fanta. Mzee Birindwa akaanza na ng'ombe wa babu yake, na ng'ombe wale walikuwa wengi, na Maman Nabintu akaangalia saa kwa sababu daraja linafungwa saa kumi na mbili. Waliwahi, zimebaki dakika kumi.

Kabla ya hapo, hotuba ilipofika kwa ng'ombe wa tatu, baba mkubwa alinisogelea sikioni.

"Ule mulango," akasema polepole, "haukuwa muzito."

Nilimtazama. Miaka kumi na sita anatuambia habari ya uzito ule.

"Nilikuwa natembea pole sababu yako. Ungekosa visigino, ungepotea." Kisha akamgeukia Mzee Birindwa na kumuuliza ng'ombe wa nne alikuwa na rangi gani.