Manjano ya Singo

Kemia niliisoma usiku. Mchana nilikuwa nikipaka chokaa majumba ya Mji Mkongwe, na baada ya Magharibi nilikuwa mwanafunzi, kalamu mfukoni na shati limepigwa pasi. Darasa letu lilikuwa Ng'ambo, watu wazima watupu, wengine na wajukuu zao. Huko ndiko nilikomkuta Mwanakheir. Alikaa benchi la mbele na kumuuliza Maalim Mudrik maswali mpaka Maalim akavua miwani na kuifuta, hata kama haikuwa na vumbi.

Siku moja Maalim alikuja na hadubini ya kuazima, akabandua ngozi nyembamba ya kitunguu na kuiweka chini ya kioo. Tukapanga foleni. Zamu yangu ilipofika niliona vyumba, chumba kwa chumba, kuta zimeshikana kama majumba ya mjini ukiyatazama kutoka juu ya paa.

"Hizo ni seli," alisema Maalim. "Na nyinyi mmejengwa hivyo hivyo."

Mwanakheir alitazama mpaka watu wakaanza kunung'unika nyuma yake. Hakuondoka. Kila kitu alitaka akishike na akione mwenyewe, hata ndimu sokoni hakununua bila ya kuibonyeza. Mwaka uliofuata nilimwoa.

Sasa ni marehemu, na katika nyumba ya Kiembe Samaki tuliyojenga pamoja naishi na mwanangu, mkewe Nasima na watoto wao. Mfunguo Mosi uliopita, baada ya Ramadhani, tulikuwa tukimwoza mjukuu wangu Ilham kwa kijana wa Paje, Anwar. Ilham alikuwa amewekwa ndani na somo wake, yule mama wa kumfunda, anasingwa, anasuguliwa mwili mzima kila siku kwa liwa, asumini na manjano, amejifunga shuka jeupe. Nami nikipita nje ya pazia nilimtania.

"Mke wangu, umeniacha kwa kijana asiyejua hata maji yameundwa na nini."

"Anajua kuogelea, babu. Yanatosha hayo."

Jumatano tukapata habari kwamba Bi Zeyana anakuja kumwona bibi harusi. Huyu ni shangazi yake Anwar, mkulima wa mwani, ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na neno lake kwa Anwar halina rufaa. Nasima akaona aibu mgeni amkute mwari na shuka lililojaa manjano. Akambadilisha, akalichukua lile shuka na kulisugua kwa sabuni ya mche. Likageuka jekundu. Alizidi kusugua, nalo likazidi. Mwisho alilianika uani, akitumaini jua litamsitiri.

Bi Zeyana aliingia kwa mlango wa uani.

"Nasima, hilo ni nini?"

"Singo, Bi Zeyana."

"Singo nnaijua toka sijavunja ungo. Singo haitoi damu."

Alikaa kwenye mkeka na kukataa hata maji. Kwake yeye wekundu kwenye shuka la mwari, kabla ya nikaha, ulikuwa ndege mbaya, na picha ya shuka alikuwa kashaituma kwenye kundi la familia ya Paje. "Harusi isimame," alisema. "Siendi kumtia mwanangu kwenye jambo nisilolijua." Nyuma ya pazia nilimsikia Ilham akivuta kamasi.

Nasima alinitazama. Nakiri nilifurahi kidogo, kwa sababu elimu yangu ilikuwa imekaa muda mrefu bila ya kazi. Nilivaa kofia, nikakaa mbele ya mgeni na kuanza tangu mwanzo: kwamba kila kitu kimeundwa kwa atomi, kwamba atomi zikishikana zinafanya molekuli, kwamba molekuli ya manjano ina hidrojeni ambayo sabuni huinyang'anya, na ikishanyang'anywa hubadilika rangi. Nilieleza vizuri. Maalim Mudrik mwenyewe asingepata pa kusahihisha.

Bi Zeyana alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Mzee Mcha, hizo atomi ushaziona?"

"Haziwezi kuonekana kwa macho."

"Basi majini hayaonekani, na hizo hazionekani. Mimi nshike lipi?"

Nilianza tena, kwa sauti kubwa zaidi, na hapo pazia likatikisika.

"Babu, muache asugue mwenyewe. Bibi angempa sabuni."

"Na mwari anasema?" aliuliza Bi Zeyana.

"Mwari anaachwa, Bi Zeyana. Lazima aseme."

Msichana alikuwa kasema kweli. Mwanakheir asingemsomesha mgeni hata neno moja. Nilikwenda jikoni nikarudi na manjano ya unga, kipande cha sabuni, bakuli la maji na ndimu iliyokatwa. Niliviweka mbele yake na kurudi kwenye kiti changu. Kunyamaza kulinitoa jasho.

Bi Zeyana akamwaga manjano kwenye kiganja chake mwenyewe, akatia maji, akasugua sabuni. Kiganja kikageuka chekundu kama cha mchinja kuku. Akakinusa. Akachukua ndimu, akaikamua juu yake, na wekundu ukakimbia, yakabaki manjano. Akarudia sabuni. Akarudia ndimu.

"Inaichukua, inairudisha," alisema polepole.

"Ndiyo hiyo hidrojeni."

"Usinifundishe, nnatazama."

Alicheza na kiganja chake mpaka ndimu ikaisha maji. Kisha akamwomba Nasima amshikie simu, na kwa mkono msafi akabonyeza kitufe cha sauti. "Jamani wa Paje, harusi Ijumaa kama tulivyopanga. Lile shuka ni manjano na sabuni. Asiyeamini aje na kiganja chake." Akanigeukia. "Ila dua tutaisoma vile vile. Hiyo hidrojeni yako nayo ina mwenyewe."

"Tuisome," nikasema.

Ndani somo alikuwa kashaanza kutwanga liwa, na harufu ya asumini ikatufikia. Bi Zeyana sasa aliomba chai.

"Huyo bibi yake Ilham," aliuliza, "mlisoma pamoja?"

"Darasa moja."

"Alikuwa akijua kukushinda?"

Kwa maisha yangu yote sikuwahi kumkubalia mtu jambo hilo, hata Mwanakheir mwenyewe aliponitania.

"Kwa mbali sana," nikasema. Nikamsogezea sukari, nikaanza kumsimulia habari zake.