Migomba Arobaini na Moja

Mwaka 1953 nilikuwa nyapara wa kambi ya watoto huko Igurwa, Karagwe. Kazi yenyewe sikuitafuta. Nchi ile niliifuata kwa sababu ya migodi ya bati ya Kyerwa, kama nilivyofuata mkonge Tanga na reli kabla ya mkonge. Mgodi uliponichosha nikasikia Baraza linatafuta mtu mgeni anayejua kuandika, asiye na ndugu wala shamba pale, ili asije akapendelea mtoto wa mtu. Mimi kwetu ni Unyamwezi, nchi ya mtama. Nilikuwa nimesoma kidogo katika shule tatu, na hakuna hata moja niliyoimaliza. Wakanichukua.

Kambini kulikuwa na wavulana ishirini na wawili. Wengi walikuwa wezi wa kahawa na mbuzi, wawili walichoma nyumba, na mmoja, Rwezaura, alikata migomba. Mimi nilipoambiwa kosa la huyu wa mwisho nilicheka, lakini aliyeniambia hakucheka. Kule mgomba ndio chakula, ndio mpaka wa nyumba, na kaburi la babu limekaa katikati ya migomba. Mtu anayeingia kibanja, yaani shamba la migomba, cha mwenzake akaikata migomba mibichi, watu humtazama kama aliyeingia na mkuki.

Habari yake niliipata kidogo kidogo. Baba yake alifariki, na baba yake mdogo, Elpidius, akachukua kibanja chote na kumhamishia mama wa mtoto, Deodatha, kwenye kipande cha nyasi karibu na Kimuli. Rwezaura alikuwa na miaka kumi na mbili. Alingoja siku watu wako gulioni, akaingia katika migomba iliyokuwa ya baba yake, akaangusha thelathini na saba. Baraza likampa miaka miwili kambini. Ikiisha, Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, angesoma taarifa yangu. Ikiwa nzuri, mtoto anarudi kwa mama yake. Ikiwa mbaya, anapelekwa shule ya wahalifu ya mbali, ya kufika kwa meli na treni, miaka mitatu mingine. Deodatha alikuwa amekuja mara mbili kwa miguu kuniuliza nitaandika nini. Nilimwambia kwamba mtoto hana neno, aende akalime.

Na kweli hakuwa na neno. Alikuwa mpole, mwenye kusema machache. Kitu kimoja tu alikuwa akinisumbua nacho: mara mbili alikuja akaniomba muhoro, ule mundu wa mpini mrefu wa kutunzia migomba. Mara mbili nikamnyima. Amri ilikuwa wazi, na mimi niliona ina akili: mtoto aliyefungwa kwa kukata hapewi kitu cha kukatia. Nikampa jembe.

Ilibaki miezi miwili amalize. Jumapili moja niliwapeleka watoto kusali, Wakatoliki kwao, Walutheri kwao, na Rwezaura akabaki akisema mguu unamuuma. Tuliporudi nilimkuta kibandani amekaa, amenawa, muhoro umeegemezwa ukutani ukiwa na utomvu mweusi. Nikaenda shambani. Migomba ya kambi ilikuwa imelala chini kila upande. Niliihesabu: arobaini na moja. Mingine ilikuwa mirefu kunipita, mibichi, haijazaa hata mara moja.

Nilimwuliza kwa nini. Akanitazama, akatazama shamba, akainamisha kichwa. Nikauliza tena kwa sauti ya kinyapara. Hakujibu. Nikajiambia basi, ana hasira ileile, na upole wote ule ulikuwa wa kunidanganya mimi. Nilimfungia katika chumba cha majembe. Jioni ileile nikaandika kwa mwandiko wangu bora: *Kijana amerudia tabia yake. Amekata migomba arobaini na moja ya Serikali bila sababu. Hafai kurudi nyumbani.* Jumatatu asubuhi tarishi akaondoka na barua. Bwana Shauri alikuwa safarini, na siku ya Alhamisi angekaa barazani Kimuli.

Jumanne akarudi mpishi wetu, bibi Kokuhirwa, aliyekuwa amekwenda Rugera kumwona binti yake aliyejifungua. Alipita shambani kutafuta majani ya kufunikia chungu. Akakaa huko kitambo. Alipotoka aliniuliza nimempata wapi fundi.

"Fundi gani, mama?"

"Aliyesafisha migomba. Miaka minne nakupigia kelele kwamba shamba lako limesongamana kama nywele za mgonjwa, mnakula vindizi kama vidole. Leo naona mtu amelinyoa."

Nilimweleza. Nilimwambia na habari ya barua. Yule bibi aliweka kapu chini, akanishika mkono kama mtu anayemvusha kipofu mto, akaniingiza shambani.

Akanionyesha shina la kwanza. Umebaki mgomba mkubwa, wa pili wa kimo cha kiuno, na chipukizi moja dogo. Shina la pili hivyohivyo, na la tatu. Mama, mtoto, mjukuu, aliniambia, na wengine wote wanaondolewa, hata wakiwa warefu, hata wakiwa wazuri, kwa sababu wanakula chakula cha wenzao. Palipokatwa pamefukiwa udongo. Majani makavu yametolewa na kutandazwa chini. Jambo lile mtu wa hasira halifanyi. Mtu wa hasira hafukii.

"Wewe ulizaliwa kwenye mtama, nyapara wangu," alisema. "Kwenu kilichokatwa kimekufa. Sasa simama hapo unitazame mimi, au ifuate barua yako."

Nilikwenda kwanza kumfungulia Rwezaura. Nilimwuliza kwa nini hakusema, siku mbili zote hizo gizani na majembe. Alijibu pole pole, kama anayeona haya kwa niaba yangu.

"Nilidhani unaona."

Alidhani nimemfungia kwa sababu ya kuchukua muhoro bila ruhusa, na hilo alikubali ni kosa. Habari ya barua hakuijua. Sikumwambia. Nilimwachia Kokuhirwa ufunguo wa kambi, jambo ambalo peke yake lingetosha kunifukuzisha kazi, na Jumatano alfajiri nikashika njia.

Nimetembea sana maishani mwangu, lakini safari nyingine zote nilikuwa naondoka mahali. Ile ndiyo pekee nakumbuka nilikuwa nawahi. Nilivuka mabonde yale yenye mafunjo na kupanda vilima vya nyasi, nikalala kwa watu nisiowajua, nikaingia Kimuli Alhamisi jua likiwa limeshapanda. Nilikuwa bado na tumaini la kumkuta tarishi njiani. Nilimkuta amekaa nje ya baraza akitafuna kahawa, mkoba mtupu.

Bwana Shauri alikuwa na barua yangu mkononi. Deodatha amekaa chini mbele, mikono mapajani, na nilijua ameshasomewa kwa jinsi alivyonitazama nilipoingia. Hakunitukana. Elpidius alikuwa upande wa wazee, amevaa kanzu safi na koti. Alikuwa amekwisha sema yake: mtoto huyu ana mkono mbaya, apelekwe mbali, watu wote hapa wana migomba.

Niliomba kusema. Nikaeleza kwamba barua ile ni ya kweli katika hesabu na ya uongo katika mengine yote. Bwana Shauri, aliyejua Kiswahili vizuri, aliniuliza aamini lipi, karatasi au mdomo, maana vyote ni vyangu. Nikamwambia karatasi imeandikwa na mtu asiyejua migomba. Watu wakacheka. Mzee mmoja akauliza kwa sauti kama huko kwetu ndizi huchimbwa kama viazi, wakacheka zaidi. Niliacha wacheke. Walipomaliza nikamgeukia Elpidius, kwa kuwa nilishaona kwamba neno langu pale halina uzito na lake linao.

Nilimweleza nilichoonyeshwa, shina kwa shina. Nikamwomba aseme mbele ya wenzake: mtu akikata hivyo, ameharibu au ametunza?

Angeweza kusema ameharibu. Lakini pale walikaa wazee thelathini, kila mmoja amezaliwa migombani, na hakuna mtu wa kule atakayekubali kuonekana hajui mgomba ili tu ashinde kesi. Akajaribu njia nyingine, akaniuliza swali, nadhani ili nishindwe.

"Yale machipukizi madogo yaliyoachwa, yameachwa upande gani?"

Nilifumba macho nikaliona lile shamba, na Kokuhirwa akinivuta mkono, na jua la jioni likitupiga usoni kila tulipoinamia chipukizi lililoachwa.

"Upande wa machweo," nikasema. "Yote."

Deodatha akajifunika uso kwa kanga. Elpidius alitazama miguu yake muda mrefu kiasi kwamba Bwana Shauri akamwuliza kama amesikia.

"Nimesikia," alisema. "Sisi wengine huacha lolote lenye nguvu. Mmoja tu hapa alikuwa anaacha upande wa machweo. Tulikuwa tukimcheka." Akainua uso. "Huo ni mkono wa kaka yangu. Huyo mtoto ametunza."

Hakusema zaidi, na kibanja hakukirudisha, msije mkadhani. Lakini Bwana Shauri aliikunja barua yangu akanirudishia, akaandika kwamba mtoto atakwenda kwa mama yake siku zake zikitimia. Kisha akaniambia mbele ya watu wote kwamba nyapara ajifunze shamba kabla hajajifunza kuandika. Nilisema ndiyo bwana. Nje Deodatha alinipa kahawa ya kutafuna kutoka kwenye kifuko chake, punje tatu, na kule kumpa mtu kahawa ni kumkaribisha. Nilizitafuna njia nzima.

Niliporudi nilimweleza Rwezaura yote, na ile barua nikampa aisome mwenyewe. Alisoma taratibu kwa kidole. Nikamwambia nimekosa. Sikuwa nimewahi kumwambia mtoto neno hilo, na yeye hakujua aweke wapi macho. Alinirudishia barua, akaniuliza kama sasa anaweza kupewa muhoro.

Nilimpa. Wiki zile za mwisho tulikuwa tukiingia shambani pamoja kila asubuhi, yeye mbele mimi nyuma. Mikungu ilikuwa imeanza kunenepa, hata watoto wengine waliiona. Siku ya kuamkia kuondoka kwake alinipa muhoro, akaniambia shina hili ni lako, chagua. Palikuwa na machipukizi matano upande wa machweo, yote ya kijani, yote mazuri machoni pangu. Alisimama kando amenyamaza, kama alivyonyamaza Jumapili ile.

Nikauinua muhoro. Kisha nikaushusha, nikamwuliza.