Damu ya Bi Earline

Noelie Guidry hakuwa mtu wa kupenda mambo ya giza. Alikuwa mshonaji wa mavazi ya karnivali huko Algiers, mtaa wetu ulio ng'ambo ya mto, ukitazamana na katikati ya New Orleans, na aliishi na mama yake, Bi Earline, katika nyumba ya mbao yenye baraza mbele. Lakini mwaka aliougua mapafu alibaki hana nguvu hata ya kuinua pasi. Madaktari walimwambia amepona. Yeye alijiona ganda tupu. Ndipo mwenzake wa kazini akampeleka kwa Wendell Prejean.

Wendell mchana alitengeneza viyoyozi. Jioni alivaa joho jeusi na kuwafundisha watu kama ishirini waliovaa kama yeye na kujiita wanyonyaji. Mtaani tuliwaita mumiani, kwa utani zaidi kuliko kwa hofu, maana damu ya mtu hawakuigusa. Walichonyonya ni uhai wenyewe. Unakaa kati ya watu, unatuliza pumzi, unaona kwa jicho la ndani uzi unaotoka kifuani mwako hadi kifuani mwa mwingine, kisha unavuta polepole, kama anayekunywa kwa mrija. Ukirudi nyumbani unajifungia, unawasha mshumaa na kuwatolea Wakale, mizimu yao ya kale, ulichovuna, nao hukurudishia kikiwa kimesafika. Sharti la Wendell lilikuwa moja: vuta kwenye umati, kwa kila mtu tone tu. Mgonjwa na ndugu usiwaguse.

Noelie alivuta kwenye kivuko, alivuta sokoni, alivuta kwenye maandamano ya ngoma. Na kweli alipata nguvu. Akarudi kazini, akanenepa kidogo, hata akaanza kuimba tena akishona.

Kisha ukaja msimu wa karnivali. Kazi ilikuwa ya shanga na manyoya tangu asubuhi hadi jioni, nafasi ya kwenda penye umati hakuna. Alikuwa akirudi hoi, anajitupa kwenye kochi mbele ya televisheni, na Bi Earline anakaa kando yake, bega kwa bega, mwenye joto kama mkate uliotoka tanuri. Jioni moja Noelie akavuta. Kilichomjia kilikuwa laini kama maziwa ya moto. Akajiambia ni mara hiyo tu. Kesho yake akavuta tena, na baada ya hapo hakujiambia kitu.

Karnivali ilipokwisha, Bi Earline alianza kupungua. Midomo ilipauka. Ngazi za barazani alizipanda kwa vituo, akishika nguzo. Jumatatu, siku ambayo kila nyumba kwetu hupika maharage mekundu na wali, sufuria iliungua akiwa amesinzia kitini pale pale jikoni. Alipoulizwa alisema ni uzee.

Noelie hakuhitaji kuambiwa ni nini. Alikwenda kwa Wendell akamweleza yote bila kujificha, akitarajia kukaripiwa na kufundishwa namna ya kurudisha. Wendell alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu.

"Umeiva, dada," alisema. "Kuna watu humu wana miaka kumi na hawajafika hapo."

"Huyo ni mama yangu, Wendell."

"Ndiyo maana njia imefunguka kirahisi."

Akaendelea kumweleza kwamba uzi uliokwisha kunenepa haukatiki. Mtu hujifunza kuutawala tu, na yeye yuko tayari kumfundisha. Kuhusu lile sharti la ndugu hakusema neno. Noelie alivua joho lake, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti na kutoka.

Aliona dawa ni umbali. Alimdanganya mama yake kwamba kazi imezidi, akahamia kwa binamu yake Verlie, mji wa jirani. Alipiga simu kila siku, na kila siku sauti ya Bi Earline ilikuwa imefifia kuliko jana. Basi Noelie akasadiki kwamba uzi ule unavuta wenyewe, yeye apende asipende. Akaacha kula. Aliwaza kwamba akinyong'onyea yeye, labda uhai utarudi ulikotoka.

Verlie alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwokaji mikate, mpana wa mabega. Aliona sahani zinarudi jikoni kama zilivyotoka, akamketisha mwenzake na kumbana mpaka akasema. Hakucheka.

"Sasa kama unamuua," alisema, "umemkimbia ili afie mikononi mwa nani? Chukua koti."

Walifika alasiri. Bi Earline alikuwa sakafuni jikoni, macho wazi, akipumua kwa shida, kikombe kimepasuka kando yake. Verlie ndiye aliyeita gari la wagonjwa. Noelie alisimama mlangoni, akiogopa kumsogelea.

Hospitalini walimchukua mgonjwa ndani, wao wakaachwa ukumbini. Daktari alipotoka, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, Noelie alimwendea kabla hajaitwa.

"Ni mimi," alisema. "Nimekuwa nikimnyonya."

Daktari alikuwa amefanya kazi mjini kwetu miaka mingi, hakushtuka. "Kwa mdomo?"

"Hapana. Kwa pumzi."

"Basi si wewe. Tumemwingiza kamera tumboni. Ana kidonda kinavuja damu, na kimevuja wiki nyingi. Anatumia dawa gani ya maumivu?"

Noelie alisema hatumii yoyote. Kumbe Bi Earline alikuwa akinywa aspirini ya unga kwa ajili ya magoti, asubuhi, mchana na jioni, ameikoroga kwenye soda. Aliificha kwenye kopo la chumvi, maana alijua binti yake angemburuta kwa daktari. Choo kilipokuwa cheusi kama lami aliona haya kumwambia mtu. Daktari alisema aspirini hiyo ndiyo iliyomchoma tumbo, wameshakifunga kidonda, wanamwongezea damu, na asubuhi atakuwa analalamikia chakula kama wengine.

Noelie alikaa chini pale pale, mgongo ukutani, akalia kwa sauti. Watu wakapita wakimkwepa. Alipomaliza kulia alihisi njaa, njaa kali ya mtu aliyetoka shambani. Verlie alimletea mkate uliojazwa kamba wa kukaanga, akaumaliza wote na kulamba vidole.

Alipoingia wodini, Bi Earline alikuwa ameegemea mito, mfuko wa damu umetundikwa juu ya kichwa chake. Rangi ilianza kurudi mashavuni.

"Tazama," alisema. "Mumiani ni mimi sasa."

Noelie alisimama. "Ulijua?"

"Nyumba yenyewe ya mbao, mwanangu. Nasikia unavyoomba. Na mishumaa yako inanuka."

"Ulijua, na kila jioni ukaja kukaa karibu yangu?"

"Nilikuwa nakuachia." Bi Earline alivuta shuka kidogo. "Ulikuwa umekwisha mwaka ule. Nikasema, kama mtoto anaona kwangu kuna kitu cha kumfaa, na achukue. Nilikunyonyesha mwaka mzima na hukunimaliza, utanimaliza leo?"

"Na ulipoanza kudhoofika, hukudhani ni mimi?"

"Siku nyingine nilidhani."

"Na hukusema."

"Na wewe ulisema?"

Noelie alivuta kiti, akakaa, akaushika mkono wa mama yake usio na sindano.

Wendell alipiga simu siku ya pili. Noelie alimweleza habari ya kidonda na aspirini, naye akasema huenda uzi ndio uliofungua kidonda. Noelie alimwambia huenda, akamshukuru kwa wema aliomfanyia alipokuwa mgonjwa, akaaga. Baadaye Verlie alimuuliza kama sasa haamini tena. Alijibu kwamba hajui, ila kutojua huko hakumsumbui.

Bi Earline aliruhusiwa mwisho wa juma. Njiani alilaumu mwendo wa gari, akalaumu chumvi ya hospitali, kisha akasinzia kichwa kikiwa dirishani. Noelie alipunguza mwendo. Alimtazama mara moja, akaona kifua kinapanda na kushuka vizuri, akaendelea kuendesha.