Mtihani wa Pili wa Benigna

"Hivi baada ya waya mweupe wenye mstari wa kijani unafuata upi?" Benigna aliuliza, ameinamia meza ya Shamsa na kipande cha kebo mkononi.

Shamsa alicheka mpaka wateja waliosimama nje ya kibanda chake cha kutengeneza kompyuta na mashine, pale Kemondo, wakageuka. "Mwenye cheti ndiye ananiuliza mimi! Waitu, ndugu yangu, ofisi imekuharibu."

Hakukosea. Cheti cha mitandao ndicho kilichompa Benigna kazi ya hospitali Bukoba mjini, lakini kila alivyopanda cheo ndivyo alivyozidi kuliacha koleo. Siku hizi alishinda vikaoni, wengine wakibana kebo. Sasa cheti chenyewe kilikuwa kinaisha muda, na bosi wake, mzee Rutashobya, alimwambia bila kuzunguka: nafasi ya kusimamia mitandao ya vituo vya afya Muleba ataipata mwenye cheti kilicho hai. Benigna aliitaka nafasi hiyo. Akiwa Muleba angeweza kulala nyumbani kwao Kagoma, karibu na mama yake, ambaye macho yalikuwa yanafifia.

Ndiyo maana Jumamosi ile alimfuata Shamsa. Zamani walipanga chumba kimoja Kashai, wakachangia kompyuta moja kuukuu iliyonguruma kama mashine ya kusaga. Mmoja akipika, mwingine alisoma kwa sauti. Anwani za mtandao walizikariri kwa kuimba, kama watoto na jedwali la kuzidisha. Msimu wa senene walitafuna panzi hao wa kukaanga huku wakiulizana maswali, na kurasa zikajaa alama za vidole vya mafuta. Walipanda meli pamoja kwenda Mwanza, wakaingia chumba cha mtihani wameshikana mikono. Benigna alifaulu. Shamsa alikosa kidogo tu, na hakurudia.

"Turudie wote," Benigna alisema. "Kama zamani."

Shamsa aliweka koleo chini. "Ili iweje? Wenye samaki wakija hapa hawaniulizi cheti. Wanauliza mashine itawaka lini."

"Kwa hiyo unaniona mjinga, kuanza kusoma upya?"

"Sikuoni mjinga. Mlango wako unafunguka kwa karatasi, basi nenda nayo. Wangu ulifunguka bila karatasi, na nimeshaingia." Akapangusa meza isiyo na vumbi. "Wakati ule iliniuma, usidhani haikuniuma. Ikapoa. Lakini chumba kile cha Kashai, mpaka leo nakiota."

"Hata mimi."

Shamsa alivuta kiti, akaanza kumhoji, mkali kama mwalimu wa zamu. Benigna alikosea, akarudia, akakosea tena. Kisha mahali fulani kati ya swali na swali, vidole vyake vikakumbuka. Aliupanga waya wa bluu kabla hajaufikiria. Wote wawili waliona, na ni Shamsa aliyepiga makofi.

Safari hii Benigna alikwenda Mwanza peke yake. Alipotoka kwenye mtihani, matokeo yakiwa yameshatokea kwenye kompyuta, alisimama barazani, akageuka kumtafuta mtu wa kumwambia amefaulu, akawakuta watu asiowajua wakiangalia simu zao. Akapiga simu Kemondo. Shamsa alipiga vigelegele vilivyokwaruza sikio. "Hongera, dada! Hongera sana! Ngoja, nina mteja." Simu ikakatika.

Ofisi ya Muleba ilikuwa chumba kidogo chenye dirisha lililotazama uani kwa jirani. Mchana wa siku yake ya kwanza upepo ulianza kupindua majani ya migomba. Mama mmoja alitoka nyumbani mbio, kahawa yake imeanikwa kwenye mkeka mpana, wingu limeshafika. Aliuvuta mkeka, upande wa pili ukabaki ukiburuzika, buni zikimwagika.

Benigna aliacha kompyuta inawaka, akatoka, akashika pembe mbili zilizobaki. Mama huyo alimtupia neno la Kihaya, naye akamjibu. Wakanyanyua kwa pamoja, kama yeye na Shamsa zamani, na kwenda pole pole, kahawa ikitetema katikati yao, matone ya kwanza yakigonga bati.