Jina la Severin kwenye Orodha

Kila ikifika tarehe kumi na tisa ya mwezi, Generosa alikuwa hashikiki. Ukimpigia simu hapokei, ukimsalimia anaitikia kwa nyusi. Siku hiyo ndiyo mwisho wa kupeleka orodha kwa watu wa kodi: kila fundi aliyelipwa na kampuni, jina lake, namba yake ya kodi, kalipwa ngapi, kakatwa ngapi. Ukichelewa siku moja, faini. Na ukishapeleka, kila fundi umpe hati yake ya makato, karatasi yenye jina lake juu, akaitunze.

Kampuni yenyewe ilikuwa ya Avtar Singh, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, na ofisi yake ilikuwa Southall, London, juu ya duka la vitambaa. Kazi yao ilikuwa kupiga plasta nyumba za watu. Mafundi hawakuwa waajiriwa. Kila mmoja alijitegemea, anapewa kazi kwa mkataba na kulipwa kwa siku alizofanya. Generosa, mjane aliyetoka Kamachumu, Bukoba, ndiye aliyeshika vitabu. Miaka kumi na mbili hakuchelewesha orodha hata mara moja, na jambo hilo alikuwa halifichi. Mhaya akiwa na la kujivunia, mwenzangu, utalisikia hata kiti hujapewa.

Lakini kwenye orodha ile kulikuwa na jina moja alilolichapa moyo ukimwenda mbio: Severin Kamugisha. Usidhani alimpenda Severin. Severin alikuwa Bukoba tangu mwaka 2001, na duka la mabati na tumbo lake. Aliyekuwa akipanda ngazi za London kwa jina la Severin ni Philemon, mtoto wa baba yake mdogo.

Mambo yalikwenda hivi. Philemon alikuja mwaka 1996 kusoma, ada ikamshinda, viza ikaisha, akabaki. Severin alikuwa na kibali cha kukaa na namba ya kodi. Alipochoka na baridi akaamua kurudi nyumbani, na siku ya kuondoka akamwachia mdogo wake namba na kadi ya kodi yenye picha, kama mtu anavyoacha koti. "Vaa hii, mdogo wangu. Huko niendako hainifai." Kwetu huo ni wema wa ndugu, na nani angeukataa? Hakuna aliyefikiri kwamba miaka ingekwenda, na kila mwezi karatasi ingeandikwa kuwa Severin yuko London, na Philemon hayuko popote duniani.

Generosa alijua. Kila mara kabla ya malipo mapya alipaswa kuwathibitisha mafundi kwa watu wa kodi, na kila mara jibu lilirudi kwamba jina la Severin Kamugisha na namba yake vinalingana. Sura hakuna aliyeuliza. Kodi ilikatwa yote, serikali ikala haki yake. Basi aliandika, akapeleka, akanyamaza.

Na Philemon akawa anafika nyumbani kwa Generosa, Wembley, kuchukua hati. Mwanzoni ilikuwa mara moja kwa mwezi. Ikawa mara mbili, ikawa kila Jumamosi. Anatoka Edmonton kwa basi, anafika saa saba, anakula ndizi na maharage, anaosha vyombo, anatengeneza kilichoharibika, na anazungumza habari za Eufrasia, mkewe, aliyemwacha kijijini Kanyigo na mtoto wa miezi minne. Saa kumi na mbili anaaga. Kurudi nyumbani bila kibali hakuweza, maana angetoka asingeingia tena, na ada ya mtoto ilitoka kwenye plasta. Miaka tisa ya Jumamosi, na hakuwahi kumgusa Generosa hata kidole. Na Generosa, niseme mimi kwa kuwa mwenyewe hakuwahi kusema, alimpenda mtu yule mpaka basi.

Jumamosi moja ya Mei mwaka 2010 Philemon alifika na mfuko wa plastiki. Akakataa chakula kwanza.

"Da Generosa, miaka kumi na minne imetimia."

Alikuwa ametoka kwa wakili, mama mmoja wa Kihindi mwenye asili ya Mombasa aitwaye Kokila, ofisi yake hapo hapo Wembley. Sheria ya siku hizo ilisema mtu aliyekaa nchini miaka kumi na minne mfululizo, hata kama hakuwa na kibali, anaweza kuomba abaki. Wakili alimwambia kesi anayo. Tatizo lilikuwa ushahidi.

"Anataka kuona kwamba aliyekuwa hapa ni mimi. Barua ya chuo ninayo, na barua za kanisani za miaka ya mwanzo. Baada ya hapo sina bili, sina benki, sina chochote. Nina hizi." Akamwaga hati za makato mezani, miaka tisa ya hati. "Zote zinasema Severin."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Barua ya kampuni. Iseme aliyefanya kazi kwa jina hilo ni Philemon, mwezi kwa mwezi. Na zile karatasi za saiti tulizokuwa tunasaini asubuhi. Mimi saini yangu sikubadilisha, dada. Jina ni la Severin, mkono ni wangu."

"Na ukipata kibali?"

"Siku hiyo hiyo natafuta tiketi. Nakwenda kumchukua Eufrasia." Akatazama mikono yake iliyokauka kwa saruji. "Nilimwacha ana miaka ishirini na mitatu. Nikimwota anakuja na uso wa wakati ule. Wa sasa siujui. Picha naziona, lakini picha haikutazami."

Generosa alisimama akaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa na haja ya kuangaliwa. Aliziona Jumamosi zote zinazokuja, moja baada ya nyingine, na mlango haugongwi. Aliporudi alikuwa ameshasema kabla hajafikiri.

"Vitabu vya zamani vililoa. Bomba lilipasuka ofisini. Vyote vya kabla ya 2007."

"Vyote?"

"Vyote."

Philemon alirudisha hati mfukoni, moja moja. "Basi Mungu hakupanga," akasema, kisha akaomba chakula, maana hakutaka kumuudhi mwenyeji. Vyombo aliosha siku hiyo pia.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga, lakini wahenga hawakufanya kazi Southall. Wiki tatu nzima Generosa alipita mbele ya kabati lenye vitabu vile, vikavu kabisa, vimepangwa kwa miaka. Alikuwa akijiambia kwamba anamlinda Avtar asiingie matatani, na kwamba barua kama ile ingewatia wote kwenye moto. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu.

Jumapili ya nne, ametoka misa, hajavua hata viatu, simu ikalia. Namba ya Tanzania.

"Shikamoo, da Generosa. Ni mimi Eufrasia, mke wa Philemon."

Sauti hakuwahi kuisikia. Ilikuwa nene kidogo, ya mtu mzima, si ya yule msichana wa miaka ishirini na mitatu aliyesimuliwa kila Jumamosi.

"Marahaba, mdogo wangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Nakushukuru kwa kumlisha mwenzangu. Kila siku ni da Generosa, da Generosa. Ameniambia vitabu vimeloa. Sikupiga kwa ajili ya vitabu. Nimepiga kukuuliza wewe, kwa kuwa wewe ni mkubwa, huwezi kunificha. Ana mtu huko?"

Generosa akavua kiatu kimoja.

"Kama anaye niambie tu. Sitalia kwenye simu nikakupotezea muda bure. Kungoja naweza, dada, nimeshazoea. Ila nataka kujua kama ninachokingoja kipo."

Neno moja lingetosha. Generosa alikuwa nalo mdomoni, fupi, rahisi, na hakuna ambaye angekuja Wembley kulihakiki. Eufrasia angeacha kungoja, Philemon angebaki, na ndizi zingeendelea kuiva kila Jumamosi.

"Dada, upo?"

"Nipo." Akakaa chini. "Hana mtu, Eufrasia. Miaka yote hii hana mtu. Mimi ningejua."

Simu ilipokatika alilia, na hakikuwa kilio cha heshima. Alilia mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumatatu asubuhi aliingia ofisini kwa Avtar akafunga mlango. Akamweleza yote, isipokuwa lile la moyoni. Avtar alisikiliza, kilemba chake cha kijani kikiinama taratibu.

"Mama, wewe unataka kunimaliza? Hii barua, watu ya kodi pia watasoma. Watauliza, miaka tisa mlikuwa mnaandika nani?"

"Mimi ndiye niliyeandika. Waambie wewe hukujua."

"Mimi nilikuwa kipofu?" Avtar akavua miwani. "Siku ya kwanza aliniletea kadi. Nikaangalia picha, nikaangalia mtu. Yule wa picha ako na pengo kubwa hapa mbele. Huyu ako na meno yote. Nikasema sawa, labda London meno inaota tena."

Generosa akacheka bila kutaka, na kicheko kile karibu kigeuke kilio. Avtar hakucheka. Alikaa akitazama dirisha, chini barabarani wanawake wakichagua vitambaa.

"Baba yangu alikufa hapa Southall," akasema mwishowe. "Wiki ya mwisho alikuwa anauliza kama tumefunga geti. Geti ya Kisumu, mama. Ile nyumba tuliuza mwaka sixty-eight." Akairudisha miwani usoni. "Andika. Na zile orodha za nyuma tuambie watu ya kodi sisi wenyewe, tusingoje watukute. Faini ikija, mimi nalipa. Wewe sikukati mshahara, nitakupigia kelele tu."

"Maji tumeshayavulia nguo," Generosa akasema.

"Basi tuoge haraka. Nina saiti Hayes saa nne."

Barua ilimchukua siku tisa. Aliandika mwezi kwa mwezi, kama wakili alivyotaka: saiti gani, siku ngapi, kalipwa ngapi, kakatwa ngapi, na karatasi ya saini imeambatanishwa. Novemba 2003, Harrow, siku kumi na nane; ndio mwezi Philemon alipomtengenezea hita akakataa hata chai. Februari 2005, Acton, siku sita. Alianguka ngazini, akaja Jumamosi anachechemea, akamwambia Eufrasia kwenye simu kwamba hajambo. Juni 2008, Ealing, siku ishirini na mbili. Ndio mwezi aliolala kwenye kochi kwa uchovu, naye Generosa akakaa jikoni saa mbili nzima bila kufungua bomba asije akamwamsha. Hayo hakuyaandika. Aliandika siku na makato. Lakini kila ukurasa aliuandika upya kama anayeandika barua ya mapenzi, na kwa kweli ndiyo pekee aliyowahi kumwandikia.

Jumamosi alimkabidhi bahasha.

"Vitabu havikuloa," akasema. "Nilikudanganya."

Philemon alifungua, akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Jina lake lilikuwa pale, refu, lote, na chini yake miaka yake. Hakuuliza kwa nini alidanganywa. Mtu mzima haulizi kila kitu. Alimtazama Generosa kwa muda, akainamisha kichwa.

"Asante, dada," akasema, polepole mno, na siku hiyo aliondoka saa kumi.

Watu wa kodi waliwatoza faini, Avtar akapiga kelele wiki nzima kwa Kiswahili, Kipunjabi na Kiingereza, akalipa. Wale wa Uhamiaji walikaa na faili miezi minane. Kibali kilitoka Februari. Machi Philemon akapanda ndege, na orodha ya mwezi ule ndiyo ya kwanza kupelekwa ikiwa na jina lake mwenyewe na namba yake mwenyewe, siku kumi na moja za kazi. Iliyofuata hakuwemo. Generosa aliipitia mara tatu akitafuta kosa, kwa kuwa ilionekana fupi.

Jumamosi zilikuja kama alivyoziona. Alikuwa akipika ndizi mbili, halafu akawa hapiki.

Mwezi Mei simu ikalia saa saba mchana, saa ile ile. Nyuma ya sauti ya Eufrasia palikuwa na kuku, redio, na mwanamume akicheka. Kicheko kile Generosa hakuwa amewahi kukisikia. Miaka tisa Philemon alikula mezani kwake na hakuwahi kucheka hivyo.

"Da Generosa, viza yangu ikitoka tunakuja wawili Septemba, mtoto atabaki kwanza shule ya bweni. Lakini yeye Edmonton alikuwa anakaa chumba cha watu wanne. Nimemwambia, sisi hatuna ndugu mwingine London, tutafikia kwa dada mpaka tupate pa kukaa. Au tutakusumbua?"

"Mfikie wapi tena? Karibuni."

"Nilijua. Yeye alikuwa anaona haya kukuomba, sijui kwa nini."

Wakaagana. Generosa alichukua mkoba akashuka mpaka Ealing Road, akaingia duka la kwanza akanunua jozi moja ya shuka za kitanda kikubwa, nyeupe, na mito miwili. Muuzaji akamuuliza kama anapokea wageni. Akasema ndiyo, mdogo wake na mumewe. Nyumba yake ilikuwa na chumba kimoja na kitanda kimoja, na tangu afiwe alikuwa analala upande mmoja tu. Alipofika alitandika shuka zile kuona kama zinaenea. Zilienea. Akazikunja, akaziweka kabatini kungoja Septemba, akaenda kupima kochi kama miguu yake itatosha.